Mlango wa Nyuma wa Motokaa: Ufunge Sawa, Uzibe Vizuri

Ndugu mkulima, kama unayo motokaa ya zamani, yafaa usimame nyuma yake leo uutazame mlango wake wa nyuma. Je, umekaa sawa? Raba yake ni nzima? Au mlango umefungwa kwa kamba ya katani, na ukisukumwa unacheza?

Watu wengi hufikiri ya kuwa kazi ya mlango huo ni kuzuia mzigo usianguke njiani. Hiyo ni nusu ya kazi yake. Nusu ya pili ni kuwalinda watu walio ndani wasivute moshi wa injini yao wenyewe. Ndiyo sababu tunaandika habari hii, ili mtu anayetaka kubadilisha mlango ulioharibika ajue namna ya kuufunga na kuuziba, na ajue pia kwa nini kazi hiyo si ya kufanywa ovyo.

Mashamba ya Nyansiongo yalipogawanywa katika mpango wa Ekari Milioni, ulioanza mwaka 1962, mkulima mwenye motokaa alikuwa mtu wa kuhesabika. Siku hizi mambo ni mengine. Simama Keroka au Kijauri asubuhi, utaona Toyota Probox zikipita moja baada ya nyingine, zimebeba makopo ya maziwa, mikungu ya ndizi, magunia ya chinsaga na managu, na watu juu ya hayo yote. Motokaa hizo zilianza kutengenezwa Japani mwaka 2002, na nyingi zilizo kwetu zimekwisha kufanya kazi ya miaka mingi. Mlango wa nyuma ndio unaoteseka kuliko milango yote. Hugongwa, hupakiwa kupita kiasi, hufungwa kwa kishindo, na mvua ya nchi yetu ya Kisii na Nyamira haiuachi ukauke. Mwisho wake huoza chini, ukawa hauwezi kufungika.

MOSHI HURUDI NDANI KWA NJIA GANI?

Utauliza: moshi unatoka nyuma, na motokaa inakwenda mbele, utaingiaje ndani? Jibu utaliona mwenyewe wakati wa kiangazi katika barabara ya murram. Tazama vumbi. Halibaki barabarani. Motokaa inapokwenda husukuma hewa pande zote, na nyuma yake hubaki nafasi ambayo hewa huizungukia na kuijaza. Vumbi huvutwa hapo, likapanda na kushikamana na kioo cha nyuma. Kama vumbi hupanda, na moshi hupanda vilevile. Ukikuta ufa, huingia. Ukikuta mlango uko wazi, huingia kwa wingi.

Moshi wa petroli una hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksidi. Hewa hii haina rangi wala harufu. Ikiingia mapafuni hushikamana na damu kwa nguvu inayopita ile ya oksijeni zaidi ya mara 200, na damu hukosa nafasi ya kuchukua hewa njema mwilini. Mtu huumwa kichwa, huona kizunguzungu, hutaka kutapika, viungo hulegea, kisha usingizi humchukua. Akiendelea kuivuta aweza kufa, hali wenzake wakidhani amelala kwa uchovu wa safari. Watoto, na mama wajawazito pamoja na mimba zao, wamo katika hatari kubwa zaidi.

Sasa fikiri juu ya asubuhi ya Borabu. Baridi ni kali, vioo vyote vimefungwa, watoto wa shule wamebanwa nyuma karibu na magunia, na mlango wa nyuma umeachwa wazi kidogo kwa sababu mzigo umezidi. Hapo umetengeneza chumba cha kukusanyia moshi, ukawaweka watoto mahali unapoingilia.

Usiseme, “Sisikii harufu, basi hakuna hatari.” Harufu unayoisikia ni ya vitu vingine vilivyomo katika moshi; sumu yenyewe hainuki. Watu wakianza kuumwa kichwa pamoja safarini, simamisha motokaa, zima injini, toa kila mtu nje penye upepo, na uwapeleke hospitali kwa gari jingine hata kama waonekana wamepata nafuu. Mtu aliyelala na haamki achukuliwe upesi sana.

KABLA YA KUNUNUA

Milango mingi tunayonunua ni ya mitumba, iliyotolewa katika motokaa nyingine. Hakuna ubaya, ikiwa utachagua kwa macho yaliyofunguka. Motokaa za jamii moja hufanana, na Probox zilibadilishwa umbo mwaka 2014. Kwa hiyo usiamini neno la muuzaji peke yake. Nenda na vipimo vilivyoandikwa: upana wa mlango juu, upana wa katikati, urefu kutoka bawaba hadi kitasa, na nafasi iliyo kati ya matundu ya boliti za bawaba. Pima mlango wa dukani kabla ya kutoa fedha.

Kisha uchunguze mlango huo hivi:

Kwanza, pitisha vidole katika ukingo wa chini, upande wa ndani. Hapo ndipo kutu huanzia. Bati likibonyea au likivunjika, uache.

Pili, chukua sumaku ndogo uipitishe juu ya rangi. Mahali isiposhika, huenda pametiwa fila kuficha bonde au tundu. Fila kidogo si neno, lakini mlango uliojaa fila utakusumbua.

Tatu, tazama kama mlango umepindika. Ulaze juu ya vitambaa mahali tambarare, uangalie kona zake.

Nne, dai risiti yenye jina la duka. Vifaa vya wizi vipo, nawe hupendi kuulizwa na polisi swali usiloweza kulijibu.

PIMA MWILI WA MOTOKAA KWANZA

Kama mlango wa zamani uliharibika kwa kugongwa, huenda fremu ya motokaa nayo imepindika. Mlango mzima hauwezi kukaa sawa juu ya fremu mbovu. Chukua kamba isiyovutika. Pima kutoka kona ya juu kushoto hadi kona ya chini kulia, kisha kutoka kona ya juu kulia hadi kona ya chini kushoto. Ni hesabu ileile uliyoifanya ulipojenga boma la ng'ombe: vipimo viwili vikilingana, fremu imenyoka. Vikitofautiana sana, mpelekee fundi wa kunyosha bodi kabla ya jambo lingine lolote.

KUONDOA MLANGO WA ZAMANI

Kazi hii yataka watu watatu, maana mlango wenye kioo ni mzito. Ondoa kwanza waya wa betri wa upande wa kutoa. Fungua ubao wa ndani wa mlango polepole, kwa kuwa vibanio vyake vya plastiki huvunjika upesi. Ndani utaona nyaya za taa, za kitasa na za waipa, pengine na kibomba cha maji ya kioo. Kabla ya kuzichomoa, zifungie vipande vya karatasi vilivyoandikwa ili ujue kila mmoja unakwenda wapi. Tena, funga uzi mrefu mwishoni mwa nyaya ndipo uzivute. Uzi ukibaki ndani ya mlango, utakuonyesha njia ambayo nyaya zilipita, nawe utaifuata hiyohiyo katika mlango mpya.

Sasa tegemeza mlango kwa mti imara, na mtu mmoja aushike kila upande. Ndipo utoe vile vyuma viwili vinavyouinua mlango. Angalia sana! Ndani yake mna gesi iliyobanwa kwa nguvu nyingi. Usivikate kwa msumeno, usivitie motoni, wala usivichomelee. Mwisho chora mstari kwa penseli kuzunguka kila bawaba, kisha ulegeze boliti na kuushusha mlango.

ONDOA KUTU KABLA YA KUFUNGA

Huu ndio wakati ambao mafundi wenye haraka huuruka. Ukingo wa fremu, ambao raba huukumbatia, mara nyingi umeliwa na kutu. Ukivika raba mpya juu ya kutu, umefunika kidonda bila kukiosha. Piga kwa brashi ya waya, kisha kwa msasa, mpaka bati lionekane safi. Futa vumbi, pakaza rangi ya kwanza ya kuzuia kutu, ngoja ikauke, kisha upake rangi ya juu. Mahali palipotoboka pachomelewe bati jipya. Kipande cha mfuko kilichobandikwa kwa gundi si dawa.

Tazama pia ukingo wa chini wa mlango mpya. Utaona matundu madogo. Hayo si makosa ya kiwanda. Yaliwekwa ili maji yanayopenya kando ya kioo yapate kutoka. Usiyazibe! Mtu anayeyaziba huhifadhi maji ndani ya mlango kama ndani ya mtungi, na mlango huoza upya.

KUULINGANISHA MLANGO

Linganisha mlango kabla ya kuvika raba mpya. Raba mpya ni nene. Itausukuma mlango na kukudanganya. Inua mlango, weka bawaba juu ya mistari uliyochora, na ukaze boliti kwa mkono tu. Shusha mlango polepole, usiubamize. Sasa angalia nafasi iliyo kati ya mlango na mwili, kushoto na kulia, juu na chini. Kata vipande vya kadibodi vya unene mmoja uvipitishe kila mahali. Kipande kikibana upande mmoja na kucheza upande wa pili, sogeza mlango katika bawaba.

Fuata taratibu hii bila kuigeuza: bawaba kwanza, kitasa baadaye, na vipira vya kuzuia mlango usigonge mwisho. Mtu anayeanza na kitasa huuvuta mlango uliopinda ukafungika kwa nguvu, na baada ya juma moja ufa unarudi. Mlango ukikaa sawa, kaza boliti zote kwa spana, pitisha nyaya kwa kutumia ule uzi, rudisha vyuma vya kuinulia, kisha uondoe mti.

KUVIKA RABA

Nunua raba iliyotengenezwa kwa motokaa ya aina yako. Raba ya mlango ina sehemu mbili: mfereji wenye chuma ndani unaoshika ukingo wa fremu, na bomba laini linalobanwa na mlango. Raba ya mitumba iliyokwisha kulala haifai, kwa kuwa haiinuki tena kukutana na mlango.

Anza chini, katikati, ili maungio yasiwe juu ambako maji hutiririka. Sukuma raba kwa kiganja, uende ukizunguka. Usiivute, hasa katika kona. Raba iliyovutwa hurudi baadaye na kuacha pengo. Katika kona iongezee nafasi kidogo ili isikunjamane. Ukifika mahali ulipoanzia, kata ukiacha ziada ya milimita 3 hadi 5, kisha uzisukume ncha mbili zikutane na kubanana.

Usijaze gundi ya silikoni kila mahali. Ile inayonuka kama siki hutoa asidi inapokauka, na asidi hiyo hula bati. Kama kuna maungio ya bati yanayohitaji kuzibwa, nunua dawa ya kuziba iliyotengenezwa kwa miili ya magari.

Tena, mlango si njia pekee ya moshi. Tazama kipira kinachopitisha nyaya kutoka paani, raba za taa za nyuma, na vizibo vya matundu yaliyo sakafuni. Kizibo kimoja kilichopotea kitaiharibu kazi yako yote. Chini ya motokaa, angalia bomba la moshi. Lisiwe na tundu, na mwisho wake utokeze nyuma, usiishie chini ya sakafu. Angalia kama kile kichujio cha moshi ambacho mafundi hukiita kataliti bado kipo. Wezi hukitamani kwa ajili ya madini ya thamani yaliyomo, kama platinamu, na motokaa isiyo nacho hutoa sumu nyingi zaidi.

IJARIBU KAZI YAKO

Usimlipe fundi fedha zote mpaka majaribio haya manne yafanyike mbele ya macho yako.

La karatasi: weka kipande cha karatasi juu ya raba, funga mlango, kisha ukivute. Lazima kikushike. Kikitoka kama kilichowekwa hewani, hapo raba haigusi. Rudia kila upana wa kiganja, kuzunguka mlango wote.

La chaki: paka chaki juu ya raba, funga mlango, kisha ufungue. Mstari wa chaki juu ya mlango usikatike mahali popote.

La tochi: usiku, mtu aingie ndani na tochi aimulike raba, nawe uzunguke nje. Uonapo mwanga, hapo pana ufa.

La maji: mtu akae ndani, nawe umwage maji kwa mpira. Anza chini, ngoja dakika chache, kisha upande juu kidogo kidogo. Ukianzia juu, maji yatatiririka kila mahali, nawe hutajua yaliingilia wapi.

Ukiona kasoro, usikimbilie gundi. Rudi kwenye bawaba na kitasa kwanza.

MAMBO YA SHERIA NA UTUNZAJI

Bamba la nambari hukaa juu ya mlango huo. Hamisha bamba lako na taa yake. Nambari iliyokuja na mlango wa mitumba si yako. Usiku nambari iangazwe na isomeke. Jaribu pia taa zote, waipa na kitasa. Ukipaka mlango rangi ileile ya motokaa, hakuna la zaidi. Lakini ukibadilisha rangi ya motokaa nzima, yakupasa kuipasha habari NTSA, ili rangi iliyoandikwa katika kumbukumbu ilingane na ile ya barabarani.

Baada ya juma moja kaza boliti tena. Osha raba kwa maji na sabuni, hasa ukibeba maziwa au mbolea. Usiipake oili ya injini, grisi wala petroli, kwa sababu vitu hivyo huivimbisha raba na kuilegeza. Wafundishe vijana kuufunga mlango kwa mkono wa pole.

Na jambo la mwisho ndilo kubwa. Mlango mzuri na raba mpya havina faida kama utasafiri mlango ukiwa wazi. Mikungu ikizidi, fanya safari mbili, au mwajiri jirani mwenye pikapu. Nako, usiwape watu nafasi chini ya turubai au kibanda cha nyuma, maana moshi huingia huko vilevile. Ikiwa dharura imekulazimisha kwenda hatua chache mlango ukiwa wazi, usibebe watu nyuma, fungua vioo vyote, na washa feni ivute hewa ya nje kutoka mbele.

Wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika motokaa, ufa usiozibwa waweza kukugharimu kitu ambacho hakijengwi tena. Basi, jioni ya leo, kabla ya kupakia mzigo wa kesho, chukua kipande cha karatasi uende nyuma ya motokaa yako. Jaribio hilo halina gharama, nawe utajua mara moja kama watoto wako wamo salama.